Trauti na besi hawagusi ndoano? Pima maji kabla hujabadilisha chambo

Kitu cha kwanza tukubaliane, samaki hawapotei ziwani. Wakiacha kula pale ulipowazoea maana yake wamepanda au wameshuka au wamesogea pembeni, au wapo palepale ila mwili umepoa na hawana haja ya kukimbizana na chakula. Na kinachowahamisha mara nyingi ni vitu viwili tu, joto la maji na oksijeni. Sasa unakuta mtu kakaa saa nzima bila kuguswa, anafungua boksi, anaweka chambo chekundu, cheupe, cha kung'aa, cha kuzama, alafu vyote anavitupa palepale kina kilekile mpaka jua linazama. Mi naomba tufanye kinyume, badilisha kina kwanza, kisha sehemu, kisha kasi ya kuvuta, chambo kiwe cha mwisho kabisa.

Namba za kushika kichwani ni chache. Trauti, hasa yule wa upinde wa mvua (rainbow trout), anajisikia vizuri maji yakiwa kati ya digrii 10 na 16 za Selsiasi, yakipita 20 anaanza kuhangaika, yakifika 25 hivi maisha yake yapo hatarini. Besi wa mdomo mkubwa (largemouth bass) ni kinyume chake, chini ya digrii 10 anazubaa, anapenda 20 mpaka 27. Alafu kuna hili la oksijeni, maji baridi yanabeba nyingi kuliko maji ya moto, kwenye digrii 0 lita moja inaweza kubeba miligramu 14 na ushee, kwenye 20 ni kama 9, kwenye 30 ni saba na nusu tu. Trauti anataka 6 au zaidi ili awe na raha, besi anavumilia hata 4. Ukizielewa hizi, karibu kila dalili hapa chini utaielezea mwenyewe.

Sitataja miezi sana kwa sababu wakati watu wa ziwa Biwa kule Japani wanaungua na jua, wa Taupo kule New Zealand wamevaa makoti. Na karibu na ikweta hakuna barafu wala machipuko, pale mwinuko ndo unaamua, kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama digrii 6 na nusu, ndo maana trauti anakaa maji ya milimani na besi anakaa chini kwenye joto. Kwa hiyo usiulize sasa hivi ni mwezi gani, uliza maji yana digrii ngapi.

Maji bado baridi, trauti wanakula lakini besi kimya kabisa

Hii ni pale barafu imeyeyuka juzi, au kipupwe ndo kinaisha. Wakati huu ziwa lote lina joto linalokaribiana juu mpaka chini, maana maji yanakuwa mazito zaidi yakifika digrii 4, yakipata joto kidogo mpaka hapo yanazama na upepo unayachanganya yote, oksijeni inafika kila kona. Trauti anaweza kukaa popote na anakuja mpaka ukingoni kutafuta chakula, hapo huhitaji hata boti, tembea kando ya ziwa utupe sambamba na ukingo.

Besi naye hajakataa kula, mwili wake unaendeshwa na joto la maji na likiwa digrii 6 au 7 chakula kidogo kinamtosha siku nyingi. Tafuta maji yaliyopata joto kuzidi mengine, yaani vighuba vyenye kina kifupi na tope jeusi chini, upande usiopigwa na upepo baridi na unaopata jua muda mrefu. Nenda mchana jua likishapiga, usiende alfajiri. Digrii mbili tu za tofauti zinatosha kuwakusanya. Alafu vuta polepole kuliko unavyodhani ni polepole, sogeza, acha chambo kikae kimya, hesabu mpaka kumi, sogeza tena.

Besi unawaona kwa macho kabisa, wanakidonoa chambo na kukitema

Maji yamefika digrii 15 mpaka 20, ni msimu wa kutaga. Huyo unayemwona kwenye duara safi juu ya changarawe, maji ya mita moja au mbili, ni dume analinda kiota. Jike akishataga anaondoka, dume anabaki na mayai na baadaye vifaranga. Akichukua chambo chako anakitoa nje ya nyumba yake, hana njaa, ndo maana anakishika kwa ncha ya mdomo na kukitema.

Hapa nina msimamo. Najua anavulika ukimchokoza vya kutosha, lakini ukimtoa pale samaki wadogo walio pembeni wanaingia kiotani muda uleule na kula mayai, na ukimchelewesha kwenye picha anarudi kukuta pametupu. Kuna nchi na majimbo yanafunga uvuvi wa besi kipindi hiki, soma sheria za ziwa lako kabla hujatoka. Hata pasipofungwa mi nashauri waache walio viotani, sogea nje ya hapo kwenye kina kirefu zaidi kidogo, mita tatu mpaka tano, palipo na magogo au mwanzo wa magugu maji. Wale ambao hawajataga na majike waliomaliza wako huko, na hao wanakula kweli.

Trauti wa upinde wa mvua naye anataga maji yakianza kupata joto ila anataka mto, kwa hiyo ukimkosa ziwani wakati huo cheki mahali mito inapoingilia. Trauti wa kahawia anataga vuli maji yakipoa.

Jua limekuwa kali, trauti walikuwepo wiki iliyopita sasa hakuna hata mmoja

Hili ndo swali linalotesa watu kuliko yote, tulikalie vizuri.

Jua likipiga siku nyingi mfululizo ziwa lenye kina linajigawa matabaka matatu. Juu kuna maji ya moto, mepesi, upepo unayazungusha. Chini kabisa kuna maji baridi mazito yasiyochanganyika na ya juu. Katikati kuna ukanda mwembamba ambao joto linashuka haraka, digrii moja au zaidi kila mita unayoshuka, na ukanda huo unaitwa themoklini. Kutegemea ziwa unaweza kuwa mita nne chini au kumi na mbili, hauonekani kwa macho. Trauti akiona juu kumefika digrii 22 anashuka mpaka akute 15 au 16 yake, na anasimama hapo. We unatupa juu, yeye yupo mita nane chini ya chambo chako.

Kumpata fanya hivi. Chukua themomita ya kawaida, ifunge kwenye kamba yenye fundo kila mita moja, weka chubwi chini. Ishushe mita moja, subiri dakika moja au mbili, vuta haraka, soma, andika. Kama themomita yako inabadilika njiani ukiivuta, itie ndani ya kichupa chenye mdomo mwembamba, kichupa kikijaa maji ya kule chini kinatunza joto lake mpaka unakitoa. Endelea mita kwa mita. Utaona kitu kama 22, 22, 21, 21, 20, alafu ghafla 17, 14, 11. Hapo kwenye 17 kwenda 14 ndo dirisha lako, chambo kikae hapo au nusu mita juu yake, maana trauti anaona vizuri kilicho juu yake kuliko kilicho chini. Wenye sona ya boti, ile mashine inayotumia sauti kuonyesha kilicho chini ya maji, ongezeni usikivu wake, themoklini itajichora kama ukungu uliolala kwenye skrini.

Sasa kuna mtu atasema nimeshusha mpaka kwenye baridi kabisa, digrii 8, na bado sijapata kitu. Umepitiliza. Kwenye maziwa yenye rutuba nyingi, yale ya kijani, mwani na majani yaliyokufa yanazama na kuoza chini, kuoza kunakula oksijeni na hakuna mpya inayoshuka kwa sababu matabaka hayachanganyiki. Kwa hiyo chini kuna baridi nzuri lakini hakuna pumzi. Trauti anabanwa katikati, juu moto, chini hewa hakuna, anabaki na kaukanda ka mita moja au mbili. Kwako ni habari nzuri maana wote wamejazana sehemu moja, kwao ni hali ngumu. Kwenye maziwa maangavu yenye rutuba kidogo oksijeni inafika mpaka chini sana na trauti anaweza kuwa hata mita 20.

Namna ya kujua ziwa lako ni la aina gani bila kipimo cha oksijeni, kama sheria za hapo zinaruhusu kisamaki hai cha chambo, kishushe mpaka kina unachokishuku, kiache dakika kumi, kipandishe taratibu. Kikirudi kinapiga mkia sawasawa basi kule kuna hewa. Kikirudi kimelegea, mashavu yanapanuka na kufunga haraka haraka, au kimekufa wakati hakina jeraha lolote, kule chini hakuna kitu cha kuvua, panda juu mita mbili na ujaribu tena.

Na upepo nao unavuruga. Ukivuma siku mbili upande mmoja unasukuma maji ya moto kule unakoelekea, yanarundikana na kuisukuma themoklini chini, huku upande unakotokea themoklini inapanda juu. Kwa hiyo jana ulimpata trauti mita saba, leo mita saba hakuna, kumbe upande ule unakoelekea upepo ameshuka mpaka tisa au kumi. Pima upya kila baada ya upepo mkubwa, usitegemee namba za jana.

Kama ziwa lina chemchemi au mto baridi unaingia, trauti watakusanyika hapo juu kukiwa moto. Ni rahisi kuwapata na ni rahisi kuwamaliza pia, wavue kwa kiasi.

Joto ni la kutosha, besi anakula alfajiri tu alafu kimya

Joto sio tatizo kwa huyu. Rekodi ya dunia ya besi wa mdomo mkubwa wanashirikiana watu wawili, George Perry aliyevua wake Georgia kule Marekani tarehe 2 Juni 1932 na Manabu Kurita aliyevua wake ziwa Biwa tarehe 2 Julai 2009, wote kama kilo 10 na kidogo, na wote ni wakati wa joto. Kinachobadilika ni mwanga. Jua likipanda besi anaingia kivulini, chini ya magugu maji, chini ya gati, kwenye miti iliyozama, au anashuka kwenye ukingo wa mteremko karibu na juu ya themoklini. Kwa hiyo saa nne asubuhi acha kutupa maji ya wazi, peleka chambo ndani ya kivuli kabisa, kiguse gogo, kipenye kwenye tundu la magugu. Ukitupa mita moja nje ya kivuli umetupa pembeni.

Kuna jambo wengi hawalijui hapa. Mimea usiku haitengenezi oksijeni, inaitumia, kwa hiyo kwenye magugu mazito sana yaliyofunga juu oksijeni inakuwa chini kabisa kabla tu ya jua kuchomoza. Ule ushauri wa kila mtu kwamba alfajiri ndo bora haufanyi kazi hapo. Alfajiri vua kingo za nje za magugu, ingia ndani baadaye jua likishafanya kazi masaa kadhaa.

Kila kitu kilikuwa safi, ghafla ziwa linanuka, maji yamechafuka, hakuna anayekula

Kama hali ya hewa imeanza kupoa na usiku ni wa baridi, ziwa linajipindua. Maji ya juu yamepoa yakawa mazito, yamezama, upepo umemalizia, na yale ya chini yasiyo na oksijeni yamepanda na takataka zake. Dalili zake hazifichiki, harufu kama yai viza, povu na vipande vya majani yaliyooza vinaelea, rangi imegeuka kahawia au kijani chafu, na ukishusha themomita kila mita inasoma namba ileile. Ikisoma tofauti kubwa, ziwa halijapinduka, tafuta sababu nyingine.

Usipigane nalo. Hama, nenda ziwa jirani, maana hayapinduki siku moja, dogo na lenye kina kifupi linatangulia, kubwa na lenye kina kirefu linachelewa. Ukilazimika kubaki nenda kwenye milango ya mito na vighuba vifupi ambavyo havikuwa na matabaka tangu mwanzo. Baada ya wiki moja au mbili maji yanatulia na hapo trauti anarudi juu na ukingoni kama mwanzo wa msimu, anakula kwa nguvu, na besi anafuata makundi ya visamaki yanayoingia kwenye mikono ya ziwa. Kwangu hizi ndo wiki tamu kuliko zote.

Jana walikula sana, leo anga la bluu kabisa na hakuna kitu

Wimbi la baridi limepita na mvua yake, asubuhi kuna utulivu na jua jeupe. Wengi wanasema ni presha ya hewa. Mi siiamini sana hiyo hesabu, presha ikibadilika hektopaskali 10, ambayo ni kubwa, ni sawa na samaki kupanda au kushuka sentimita 10 tu ndani ya maji, na hilo anafanya kila dakika. Naona zaidi ni mwanga mkali, maji kutulia kama kioo, na maji ya juu kupoa ghafla. Besi anajibana kwenye maficho na hatoki. Punguza ukubwa wa chambo, punguza mwendo, tupa kwa usahihi karibu naye, tumia mshipi mwembamba. Trauti akiwa kwenye kina haguswi sana na mambo haya, kwa hiyo siku kama hiyo kama ziwa lina wote wawili nenda kwa trauti.

Mvua imenyesha maji yamekuwa kama chai ya maziwa

Besi anasogea maji mafupi na kujibana kwenye kitu, gogo, jiwe, nguzo, kwa sababu haoni mbali. Chambo kiwe cheusi na kikubwa kidogo, chenye kutikisa maji au kugonga, kipite karibu naye zaidi ya mara moja. Trauti anategemea macho zaidi, tafuta mstari ambapo maji machafu yanakutana na maangavu, utupe upande wa maangavu ukivuta sambamba na mstari.

Wanagusa lakini hawanasi

Kwanza ndoano. Ipitishe juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza, ikiteleza ni butu, ikishika ni kali. Noa au tupa. Trauti akifuata chambo mpaka karibu alafu anageuka, maji ni maangavu na mshipi wako ni mnene, au unavuta kwa mwendo mmoja tu, simamisha sekunde moja alafu rusha mbele. Besi akipasua maji juu ya chambo bila kunasa, usivute ukisikia kishindo, subiri mpaka usikie uzito kwenye fimbo.

Barafu imefunga ziwa

Kwanza usalama, barafu angavu isiyo na ufa isipungue sentimita 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu, na ile nyeupe ya theluji ni dhaifu kuliko angavu, inatakiwa nene zaidi. Toboa na pima unavyosogea, mbali na milango ya mito ambako maji yanatembea chini. Trauti mwanzoni anapita maji mafupi, mita mbili mpaka nne tu. Besi anakula kidogo sana. Ikifika mwisho wa kipupwe na theluji imefunika barafu muda mrefu, mimea haipati mwanga na oksijeni inapungua kuanzia chini, kwa hiyo wakiacha kula chini pandisha chambo karibu na barafu.

Umemwachia samaki, anaelea tumbo juu

Kama ni trauti na maji ya juu yamepita digrii 20, ni joto. Amepigana kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha na hapati pumzi ya kurudi. Hata akiogelea kwenda zake anaweza kufa baadaye na hutomwona. Maji yakifika hapo mi nasema acha kabisa kuvua trauti wa kuachia, mvue wa kula ndani ya idadi inayoruhusiwa alafu simama, au nenda kwa besi.

Kama ni besi umemtoa mita tisa au kumi, ni hewa iliyomvimbisha. Trauti ana njia ya kutoa hewa ya kibofu chake cha kuelea kupitia mdomoni, utaona vipovu akipanda, besi hana njia hiyo, hewa inapanuka inamfanya aelee na hawezi kuzama. Usimweke ndooni ukisubiri apone, mrudishe chini muda huohuo kwa klipu yenye chubwi ya kutosha kumshusha mpaka nusu ya kina alichotoka, klipu iachie hapo. Na kama wawili watatu wametoka wamevimba hivyo hivyo, hama kwenye kina hicho.